Wiki moja Granada: panga machache, uone mengi

Watu wetu wengi wanaobahatika kupata viza ya Ulaya hupanga safari kana kwamba wametumwa kukagua bara zima. Siku saba, miji mitano. Wanashuka kwenye treni, wanapiga picha mbele ya mnara, wanapanda treni nyingine. Siwalaumu. Nauli ni kubwa, viza ni ngumu, na hakuna ajuaye kama nafasi hiyo itapatikana tena. Hata hivyo, katika makala haya nataka kutetea mpango wa namna nyingine: kukaa wiki nzima katika mji mmoja wa kale, bila haraka, na kuacha kwa makusudi baadhi ya vitu bila kuviona.

Mji wenyewe ni Granada, kusini mwa Hispania. Familia yetu ilikutana huko kwa siku 7 katika wiki ya tatu ya Oktoba 2024. Tulikuwa wanne: mama yangu, ambaye ana miaka 74 na magoti yanayomsumbua; kaka yangu, anayeishi Ubelgiji pamoja na mama; binti yake, aliyekuwa akisoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Granada; na mimi, mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza hapa Bujumbura. Kaka alinunua tiketi yangu ya ndege. Viza, bima na matumizi yangu nilijiwekea akiba mwenyewe, na msomaji anayejua mshahara wa mwalimu ataelewa kwamba sikuanza kuweka mwezi uliotangulia.

Ni vyema niseme pia kwamba sisi ni watu wa ukimbizini. Mama alivuka mpaka kuingia Tanzania mwaka 1972. Tulikaa Ulyankulu, kisha Mishamo, ambako mimi nilizaliwa mwaka 1980 na kusoma hadi kuwa mwalimu. Nilirudi Burundi mwaka 2009. Safari zote za familia yetu kabla ya hii zilipangwa na watu wengine: siku ya kuondoka, lori la kupanda, kilo za mizigo. Tulipoanza kupanga wiki hii kwa simu, kaka alitaka Granada, Córdoba, Sevilla na Madrid. Nilimwambia, "Kaka, mara hii hakuna anayetuhamisha. Tukae." Mama akaniunga mkono, na suala likaisha hapo.

Kwa nini Granada

Sababu ya kwanza ilikuwa yule binti. Mwenyeji mmoja katika mji anazidi vitabu kumi vya watalii. Sababu ya pili ni ukubwa wa mji. Granada ina wakazi kama 230,000, na sehemu kubwa ya mji wa kale unaweza kuizunguka kwa miguu. Sababu ya tatu ni gharama: maisha ni nafuu kuliko Madrid au Barcelona, na ule utamaduni wa kukupa sahani ndogo ya chakula bure kila unapoagiza kinywaji bado upo. Si lazima kiwe kileo. Mama aliagiza soda, akaletewa mkate na nyama ya kukaanga, akamwambia mhudumu kwa Kiswahili kwamba hakuagiza. Binti akacheka mpaka machozi.

Sababu ya nne ni historia. Jina la mji kwa Kihispania maana yake ni komamanga, na tunda hilo utaliona limechorwa kwenye nembo na kuchongwa kwenye nguzo za barabarani. Kuanzia mwaka 1238 ulikuwa makao ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Banu Nasr, na ndio ufalme wa Kiislamu uliodumu hadi mwisho katika Hispania. Tarehe 2 Januari 1492 mfalme wake, Muhammad wa 12, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa Malkia Isabel wa Castilla na Mfalme Fernando wa Aragón. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo, wakiwa hapohapo Granada, watawala hao wawili walitia saini amri ya kuwafukuza Wayahudi. Waislamu waliahidiwa katika mkataba kwamba watabaki na dini yao, lugha yao na mali zao. Haikupita miaka 10 kabla ya ahadi hiyo kuvunjwa, wakaanza kulazimishwa kubatizwa. Wajukuu na vitukuu wao, ingawa walikuwa wamebatizwa, walifukuzwa Hispania nzima kati ya mwaka 1609 na 1614.

Kwa hiyo ni mji mzuri sana ulioondokewa na watu wake. Mtu aliyekulia kambini hawezi kuutembelea kama anayetazama maua.

Makaratasi kwanza

Viza ya Schengen huombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ombi hupelekwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Mimi nashauri miezi 3, maana uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 unaweza kufika siku 45. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Hapa kuna faida nyingine ya kukaa mji mmoja, ambayo watu hawaifikirii: makaratasi yanakuwa mepesi. Unaonyesha nyumba moja uliyopangisha kwa siku 7, nauli ya kwenda na kurudi, barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Anayesoma faili lako hana haja ya kufuata hoteli tano.

Mimi nilipitia Addis Ababa hadi Madrid, kisha nikapanda treni ya kasi, ambayo tangu mwaka 2019 inafika Granada kwa muda unaozidi kidogo saa 3. Mama na kaka walitua Málaga wakachukua basi, umbali wa kilomita kama 125. Njia zote mbili ni nyepesi, lakini siku ya kufika isihesabiwe kuwa siku ya matembezi.

Chagueni nyumba tambarare

Wageni wengi hutaka kulala Albaicín, mtaa wa kale ulio mlimani, wenye nyumba nyeupe na vichochoro vya mawe. Ni mtaa wa kupendeza, lakini ni wa kupanda na kushuka, na mawe yake hayana huruma kwa magoti ya mzee. Sisi tulipanga nyumba chini, karibu na uwanja wa Bib-Rambla, ambapo ardhi ni tambarare, soko liko karibu na mabenchi ni mengi. Mlimani tulipanda kwa basi dogo jekundu, C31 kwenda Albaicín na C30 kwenda Alhambra, kwa nauli isiyofika euro 2.

Kuhusu majira, Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya raha. Julai na Agosti jua linaunguza, na Januari ni baridi kweli, maana mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada. Kilele kirefu kuliko vyote humo, Mulhacén chenye mita 3,479, kinabeba jina la Mulay Hasan, baba yake Boabdil. Mfalme alifukuzwa, jina la baba yake likabaki juu ya mlima.

Ratiba yetu: jambo moja kwa siku

Kanuni ilikuwa nyepesi: jambo moja tu asubuhi, chakula cha mchana, usingizi, halafu matembezi ya jioni bila lengo. Kanuni hii inalingana na mji wenyewe. Maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, na chakula cha usiku huanza saa 3. Anayekimbia saa 9 alasiri anakimbia peke yake.

Siku ya kwanza tulipumzika na kununua vyakula. Siku ya pili tulikwenda Capilla Real, kanisa walimozikwa Isabel na Fernando. Mbele yake, upande wa pili wa njia, iko Madraza, chuo cha Kiislamu kilichojengwa na Sultani Yusuf wa 1 mwaka 1349. Leo jengo hilo ni mali ya chuo kikuu. Mwalimu akisimama hapo anakumbuka kwamba miaka michache baada ya 1492 vitabu vya Kiarabu vya mji huu vilikusanywa na kuchomwa hadharani kwa amri ya Askofu Mkuu Cisneros.

Siku ya tatu ilikuwa ya Alhambra. Hapa msomaji aniandikie kwenye daftari: tiketi inunuliwe mapema, wiki nyingi kabla, katika tovuti rasmi, maana huisha. Mwaka 2024 bei ilikuwa karibu euro 20. Tiketi ina jina lako, na mlangoni wanataka pasipoti yenyewe. Ina pia saa maalumu ya kuingia katika majumba ya wafalme, na ukichelewa nafasi yako imepotea. Sehemu nyingine, yaani ngome ya Alcazaba na bustani za Generalife, unaweza kuzitembelea kwa utaratibu wako siku hiyohiyo. Mwenye magoti mabovu aanze na majumba, akae, kisha aende bustanini. Asikubali kuburutwa.

Kinachoshangaza huko ni maji. Mfereji uliochimbwa tangu karne ya 13 unachota maji ya mto Darro mbali juu ya mji na kuyaleta kwa mteremko hadi mlimani, bila pampu. Yanapita bustanini, yanaingia katika mabwawa, yanatoka katika vinywa vya simba 12 wa marumaru. Kutani kote yamechongwa maandishi ya Kiarabu, na sentensi inayorudiwa kuliko zote inasema kwamba hakuna mshindi ila Mungu.

Mama alikaa kwenye benchi la Generalife akauliza, "Huyu aliyekuwa mwenye nyumba naye alifukuzwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Akaenda wapi?"

"Kwanza milimani, halafu akavuka bahari hadi Fes, Morocco, mwaka 1493."

"Alirudi?"

"Hakurudi, mama."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sisi tulirudi," akaomba maji ya kunywa.

Msomaji asidhani ilikuwa kauli ya furaha tupu. Tuliporudi mwaka 2009 shamba la baba lilikuwa na watu wengine, ambao nao walikuwa na watoto waliozaliwa juu yake.

Siku isiyo na jambo

Siku ya nne iliandikwa katika ratiba "hakuna". Kaka aliichukia kuliko zote. Alisema tungeweza kwenda Córdoba kuona msikiti mkuu na kurudi jioni. Hatukwenda. Tuliamka saa 3 asubuhi, tukanunua makomamanga sokoni, tukaketi Bib-Rambla tukiyamenya juu ya gazeti. Watoto walikuwa wakifukuza njiwa. Mama akiwatazama alianza kusimulia, kwa Kirundi chake kilichochanganyika na Kiswahili cha Mishamo, jinsi walivyotoka upande wa Rutana mwaka 1972 na kuvuka mto Malagarasi.

Tulijua tangu utotoni kwamba palikuwa na mtoto wa kwanza aliyefia njiani. Hatukuwahi kulijua jina lake. Nyumbani halikutajwa, na sisi hatukuuliza, kwa sababu siku zote palikuwa na kazi: kuchota maji, kupalilia tumbaku, kukimbilia foleni, kufunga mizigo. Asubuhi ile hapakuwa na kazi. Mama alitaja jina. Alisema alikuwa na miezi 8, na kwamba walimzika upande wa Tanzania chini ya mti ambao asingeweza kuutambua tena. Kaka, ambaye ana miaka 51 na ambaye maisha yake yote alijiita mzaliwa wa kwanza, aliweka komamanga chini. Binti yake aliuliza jina liandikwe vipi, akaliandika kwenye simu yake.

Sitaliandika hapa, ni la mama. Ninachotaka kusema ni kwamba jina lile tulilipata siku ambayo mpango wetu ulikuwa mtupu. Tungekuwa ndani ya basi la Córdoba tungeona nguzo nyingi nzuri, na jina lingeendelea kukaa lilipokuwa.

Mwalimu aliyebeba vitabu

Siku ya tano tulipanda Albaicín hadi kibaraza cha San Nicolás, ambapo Alhambra yote inaonekana ng'ambo ya bonde. Kando yake kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na bustani yake ndogo ina utulivu kuliko kibaraza chenyewe. Tulishuka polepole hadi mtaa wa Calderería Nueva kunywa chai ya mnanaa.

Siku ya sita tulifuata mto Darro, tukapita kanisa la Santa Ana na mabafu ya kale ya Waarabu yaitwayo El Bañuelo. Njiani niliwasimulia habari za Juan Latino. Alikuwa Mwafrika mweusi, mtumwa katika nyumba ya ukoo wa Duke wa Sessa katika karne ya 16. Kazi yake ilikuwa kumbebea vitabu mtoto wa bwana wake anapokwenda masomoni. Akisikiliza huku amebeba, alijifunza Kilatini kuliko mwenye vitabu. Mwishowe alipata uhuru wake, akawa mwalimu wa Kilatini hapa Granada, na mwaka 1573 akachapisha kitabu cha mashairi katika lugha hiyo. Cervantes anamtaja katika beti zilizo mwanzoni mwa Don Quixote. Mimi niliyejifunza kusoma darasani bila kitabu changu mwenyewe, watoto watano tukiinamia kimoja, nilitamani kumpa mkono.

Siku ya saba, kabla ya kufunga mizigo, tulikwenda kwenye bustani tambarare iliyozunguka Huerta de San Vicente, nyumba ya kiangazi ya familia ya mshairi Federico García Lorca, aliyepigwa risasi karibu na mji huu mwezi Agosti 1936. Ni mahali pazuri pa kuwaaga wazee: kivuli, mabenchi, hakuna ngazi.

Maneno ya kurudi nayo

Mpenzi wa Kiswahili atapata zawadi nyingine isiyolipiwa ushuru. Kiarabu kilikaa Hispania karne nane, nacho kimekaa pwani yetu muda mrefu pia, kwa hiyo lugha hizi mbili zina ndugu wasiojuana. Sukari kwa Kihispania ni azúcar, limau ni limón, zafarani ni azafrán. Meya anaitwa alcalde, neno lilelile la kadhi. Forodha ni aduana, kutoka neno lililotupa sisi diwani. Hata hasta, wanaposema hadi kesho, ni ndugu wa hata yetu. Niliwaandikia wanafunzi wangu orodha ubaoni, na kipindi kikaisha hawajataka kutoka.

Kwa anayetaka kuiga mpango huu, muhtasari ni huu. Chagua mji mmoja. Lala mahali tambarare. Nunua mapema tiketi moja tu kubwa, ile ya Alhambra, na nyingine uziache. Weka jambo moja kwa asubuhi, na katikati ya wiki acha siku moja wazi kabisa, uilinde dhidi ya ndugu wenye bidii. Mwenda pole hajikwai.

Na kwa asiye na viza wala nauli, ambao ndio wengi, sehemu iliyotufaa zaidi katika wiki ile haikugharimu zaidi ya makomamanga manne. Benchi lipo hata hapa kando ya Ziwa Tanganyika. Kama mzazi wako yu hai, mtafutie asubuhi moja isiyo na kazi, ukae naye, wala usimharakishe.